Nafsi ya Tatu Ndani ya Fremu: Sanaa na Maadili ya Kuwapiga Wapita Njia Picha kwa Lenzi Ndefu

Utangulizi

Kauli "kumpiga mtu picha" ina jambo ambalo mwanafunzi wa sintaksia hulipita haraka. Kitenzi kina yambwa mbili, mtu na picha, lakini kiambishi cha yambwa humfuata mtu: husemwa "alimpiga Asha picha", wala haisemwi "aliipiga Asha picha". Kauli hiyo ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, Asha hupanda na kuwa kiima: "Asha alipigwa picha". Kwa hiyo sarufi ya Kiswahili humhesabu anayepigwa picha kuwa mtendewa kamili, si kitu kilichokatiza mbele ya kamera kwa bahati. Hata hivyo, kazi ikishakamilika mambo hugeuka. "Picha ya Asha" yaweza kuwa picha inayomwonyesha Asha, picha aliyoipiga Asha, au picha anayoimiliki Asha, na a-unganifu haina njia ya kuzitenganisha maana hizo tatu. Aliyekuwa mtendewa dhahiri katika kitenzi sasa anagombea umiliki na watu wengine wawili katika nomino.

Makala haya yanachunguza aina moja ya upigaji picha ambamo ugomvi huo hujitokeza bila kificho: picha za sura za watu wasiojulikana, zinazopigwa kwa mbali kwa lenzi ndefu bila wenyewe kutambua. Hoja inayotetewa ni kwamba picha hizi humweka mtu katika nafsi ya tatu, nafsi ya asiyekuwepo, na kwamba maadili yake hupimika vyema zaidi kwa kigezo ambacho Waswahili wanakijua kutokana na matumizi ya lugha, yaani kigezo cha usengenyi. Mifano mingi itatoka New York, kwa kuwa huko ndiko sanaa hii ilikokomaa na kufikishwa mahakamani. Mingine itatoka Mombasa na Nairobi, pale inapohusika.

Umbali wa Salamu

Lenzi ndefu ni lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, ile ambayo waandishi wa habari huitumia kando ya uwanja wa mpira na watalii huitumia mbugani. Katika kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona pembe ya takriban digrii 46. Ile ya milimita 200 huona takriban digrii 12 tu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa miguu ya mpigapicha. Mwenye lenzi ya milimita 50 anayetaka kuijaza fremu ya wima kwa kichwa, mabega na kifua cha mtu hana budi kusimama kiasi cha mita moja na nusu kutoka kwake. Mwenye lenzi ya milimita 200 huipata fremu ile ile akiwa mita 6, na mwenye milimita 400 akiwa mita 12, pengine ng'ambo ya barabara.

Mita moja na nusu ni umbali wa salamu. Mtu hawezi kusimama hapo, akamkodolea mwenziwe macho, asiseme neno. Mkubwa ataamkiwa, rika ataulizwa hali, na mgeni ataulizwa ana haja gani. Akinyamaza, ukimya wake wenyewe utakuwa ni tusi au tishio. Katika mita 6, kinyume chake, hakuna anayedaiwa salamu. Watu hupishana barabarani kwa umbali huo maelfu kwa maelfu bila lawama. Lenzi ndefu huutumia mwanya uliopo baina ya hali hizi mbili. Miguu hubaki katika umbali usiodai adabu, nayo macho huingia katika umbali unaoidai.

Ni haki pia kueleza uzuri unaopatikana kwa njia hii, maana pasipo uzuri huo mjadala ungekuwa mwepesi mno. Uso unaotazamwa kutoka karibu hutokeza pua na kurudisha masikio nyuma. Ukitazamwa kutoka mbali, umbali wa pua na ule wa sikio kutoka kwa mtazamaji hukaribia kulingana, na uso hutulia. (Wengi husema kwamba ni lenzi inayobana sura namna hiyo. La, ni umbali. Lenzi huyakuza tu yale ambayo umbali umeshayapanga.) Aidha, sehemu inayoonekana kwa makini katika picha ya lenzi ndefu ni nyembamba, hivyo yaliyo nyuma ya mtu huyeyuka na kuwa rangi tupu. Kibanda, matatu, bango la duka na mwenziwe aliyekuwa akitembea naye hupotea. Hubaki uso peke yake, umetengwa na mahali pake na shughuli yake, mfano wa uso wa mtakatifu katika mchoro wa kanisani. Heshima na upweke huja pamoja katika picha ya aina hii, na si rahisi kupata kimoja bila kingine.

Evans Chini ya Ardhi, diCorcia Juu ya Barabara

Tamaa ya kuupata uso usiojua kwamba unatazamwa ni ya zamani kuliko lenzi hizi. Mnamo 1916 Paul Strand aliwapiga watu picha katika mitaa ya New York kwa kamera iliyobandikwa lenzi bandia ubavuni, ili wadhani ameelekea kwingine. Kati ya 1938 na 1941 Walker Evans aliingia katika treni za chini ya ardhi za jiji hilo hilo, kamera ameificha ndani ya koti, lenzi ikichungulia baina ya vifungo, na waya wa kufyatulia umepitishwa ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Evans hakuhitaji lenzi ndefu, kwani kiti cha treni kilimweka ana kwa ana na abiria. Alichokihitaji ni kuficha. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba baada ya kuzipata picha hizo hakukimbilia kuzichapisha. Kitabu chake, Many Are Called, kilitoka 1966, takriban robo karne baadaye. Wachunguzi wa kazi yake wameuhusisha ukawiaji huo na wasiwasi aliokuwa nao kuhusu faragha ya abiria wale. Suala la muda litarejelewa hapa chini.

Philip-Lorca diCorcia alikwenda mbali zaidi kiufundi. Kati ya 1999 na 2001, katika eneo la Times Square, alifunga taa za mmweko juu ya viunzi vya ujenzi vilivyokuwa juu ya njia ya waendao kwa miguu, akasimama kando na lenzi ndefu, akangoja. Mpita njia alipofika mahali palipopimwa, taa iliwaka juu yake mchana kweupe. Taa ilikuwa na nguvu kuliko mwanga wa jua uliofika pale, kwa hiyo mtu alimulikwa naye umati uliomzunguka ukazama gizani. Maelfu ya picha yalipigwa. Zilizoteuliwa na kuonyeshwa katika ukumbi mmoja wa sanaa jijini humo mwaka 2001, kwa jina la Heads, yaani "vichwa", zilikuwa 17 tu.

Anayezitazama picha hizo hukiri nguvu yake. Msichana, tarishi, mfanyakazi wa ofisini, kila mmoja anaonekana amezama katika wazo zito, kana kwamba amefikia saa ya kuamua jambo la maisha yake. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua hali hii. Ndiyo nafasi ya msimulizi maizi, anayemwona mhusika pale ambapo mhusika anajiona yu peke yake, na anayempa msomaji maarifa ambayo mhusika hana. Kinaya cha kidrama hujengwa hivyo hivyo: hadhira inajua, mhusika hajui. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mhusika wa riwaya hana nyumba ya kurudi jioni. Hawezi kupita siku moja mbele ya dirisha la duka la vitabu akakutana na sura ya kwanza.

Mmoja wa wale 17 alikutana nayo. Alikuwa Myahudi mzee wa madhehebu ya Kiorthodoksi, mwenye ndevu na kofia nyeusi, aliyenaswa katika picha nambari 13. Alipata habari za picha hiyo mwaka 2005, wakati ambapo nakala zake zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya kati ya dola 20,000 na 30,000 kila moja. Alishtaki. Hakudai kwamba picha ilimfanya aonekane mbaya, wala kwamba ilimsingizia jambo. Alidai kwamba sura yake imetumiwa pasipo ridhaa, na kwamba imani yake, kwa jinsi anavyoifuata amri inayokataza sanamu, hairuhusu sura hiyo kutengenezwa.

Sheria aliyoitegemea ilikuwa ya jimbo la New York ya 1903, iliyotungwa baada ya msichana mmoja kukuta sura yake katika matangazo ya unga na mahakama, mwaka 1902, kumwambia kwamba hana haki anayoweza kuidai. Sheria hiyo inakataza kuitumia sura ya mtu kwa matangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi. Mwaka 2006 jaji aliitupa kesi ya mzee yule. Picha, kwa uamuzi wake, ni sanaa; kuuzwa kwake hakuigeuzi kuwa tangazo; na uhuru wa kujieleza haungebakiwa na kitu iwapo kila msanii angehitaji ruhusa ya kila uso. Jaji hakupuuza uchungu wa kidini wa mlalamishi, ila alisema kwamba huo ni gharama ya kuishi katika jamii inayolinda uhuru huo.

Rufani ya mwisho iliamuliwa mwaka 2007, na hapa ndipo jambo linalostahili kutafakariwa zaidi kuliko mjadala wa sanaa na biashara. Mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia mzee kwa sababu ya muda: sheria humpa mlalamishi mwaka mmoja tangu picha ilipotolewa kwa mara ya kwanza, naye alichelewa. Kisheria hoja hii ni ya kawaida. Kimantiki inatatiza. Sanaa yote ya Heads imesimama juu ya msingi kwamba anayepigwa picha hajui. Kisha mtu yule yule ambaye kutojua kwake ndiko kulikoifanya picha iwe picha anahukumiwa kwa kutojua. Wala si kosa la mpigapicha kwamba sheria iko hivyo; lakini ni dhahiri kwamba usiri wa sekunde moja barabarani haukuishia barabarani.

Ghaibu na Usengenyi

Katika sarufi ya Kiswahili neno "nafsi" hubeba maana mbili, utu wa ndani wa mwanadamu na nafasi yake katika mazungumzo. Nafsi ya kwanza husema, ya pili huambiwa, ya tatu husemwa. Wanasarufi wa Kiarabu waliita nafsi ya tatu kwa jina lenye maana ya "asiyekuwepo", kutokana na mzizi ule ule uliotupatia maneno "ghaibu" na "ughaibuni". Mwanaisimu Émile Benveniste, katika makala yake ya 1946 kuhusu nafsi katika kitenzi, alilitegemea jina hilo la Waarabu alipodai kwamba "mimi" na "wewe" ni nafsi za kweli kwa kuwa huweza kubadilishana zamu, ilhali "yeye" hana zamu. Hawezi kujibu, maana hayumo katika mazungumzo.

Picha inayopigwa kwa makubaliano ni mazungumzo ya nafsi ya kwanza na ya pili. Anayepigwa hutazama lenzi, hurekebisha leso, hukunja uso akitaka. Picha ya lenzi ndefu ni kauli ya nafsi ya tatu. Mpigapicha humwambia mtazamaji jambo kuhusu "yeye", na "yeye" hayupo.

Mzizi huo wa Kiarabu una tawi jingine. Ghiba, ambayo Waswahili huiita kusengenya, imetokana nao. Mafundisho ya Kiislamu yanayofahamika sana katika pwani yetu huifafanua kuwa ni kumtaja mtu ambaye hayupo kwa jambo ambalo angechukia kutajwa nalo, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Likiwa si kweli, hilo ni kosa jingine kubwa zaidi, la uzushi. Ukweli, kwa hiyo, haumwokoi msengenyaji. Ukweli ndio unaoifanya kauli yake iwe usengenyi.

Ufafanuzi huu una faida kwa mjadala wa picha kwa sababu unaiondoa hoja ambayo watetezi wa lenzi ndefu huitanguliza daima, kwamba picha haikubuni kitu: mtu alikuwa pale, barabara ni ya umma, kamera ilinakili tu. Yote hayo ni kweli, na hayajibu swali. Anayepita sebuleni akamwona jirani analia hajafanya kosa kwa kuona. Kosa, kama lipo, huanza atakapofungua kinywa, na hutegemea atamwambia nani, kwa nia gani, na baada ya muda gani. Kwa mtazamo huu kitendo cha kubonyeza kitufe ni chepesi kuliko kinavyodhaniwa, nacho kitendo cha kuonyesha ni kizito zaidi. Evans alibonyeza kwa siri kama diCorcia, lakini muda wa miaka 25 ulizipunguzia picha zake makali ya usengenyi: makoti yalishapitwa na wakati, abiria wengi walikuwa wameshazeeka au kufariki, na kilichobaki kilisogea karibu na historia. Si kinga kamili, kwani wafu nao wana jamaa. Ni tofauti hata hivyo.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba mtu akiombwa ruhusa huvaa "uso wa picha", na kwamba uso huo ni barakoa. Ukweli wa mtu huonekana anapojisahau. Pingamizi hili lina nusu ya haki. Uso ulioandaliwa huficha mambo, na fasihi ya picha ingekuwa maskini bila nyuso zisizoandaliwa. Lakini nani aliyethibitisha kwamba uso wa kujisahau ndio wa kweli? Kamera hukata sehemu ndogo mno ya sekunde. Katika kipande hicho kope zilizoshuka nusu humfanya asiyewahi kuonja pombe aonekane mlevi, na mtu anayejaribu kukumbuka kama alifunga mlango huonekana mfiwa. Aliyechagua picha 17 katika maelfu hakuokota ukweli. Alitunga, kama mtunzi anavyochagua neno. Huzuni tunayoiona katika vichwa vya Times Square yaweza kuwa yetu. Kukiri hivyo hakuishushi hadhi sanaa hiyo, ila kunainyima leseni ya kujiita ushahidi.

Kivuko cha Likoni

Mfano wa kulinganisha unapatikana nyumbani. Katika miaka ya 1990 wapigapicha walikuwa na vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, mahali penye msongamano wa wapita njia unaoweza kulinganishwa na wa Times Square. Mwanaanthropolojia Heike Behrend aliwaandikia makala mwaka 2000. Hawakuwanasa watu. Watu waliwaendea, wakasimama mbele ya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, wakapigwa picha kana kwamba wako safarini katika nchi za mbali. Studio za kifahari zaidi, kama ile ya Parekh mjini Mombasa na ya Bakor mjini Lamu, zilikuwa zimekwisha kuijenga desturi hiyo ya mteja kuitunga sura yake akishirikiana na mwenye kamera.

Msomi wa haraka atasema kwamba picha ya kijana wa Likoni mbele ya ndege ya rangi ni ya uongo na picha ya diCorcia ni ya kweli. Makala haya yanaelekea upande mwingine. Kijana wa Likoni amesema, kwa nafsi ya kwanza, anachokitamani. Hilo ni jambo la kweli kumhusu, na amelisema mwenyewe.

Behrend aliendelea, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu desturi za picha katika pwani ya Afrika Mashariki, kuonyesha jinsi Waislamu wa pwani walivyojadiliana kwa muda mrefu juu ya kipi kionekane na nani, hasa kuhusu picha za wanawake. Ni kosa kudhani kwamba anayevaa buibui anazichukia picha. Picha za harusi na za sherehe za wanawake hupigwa na kuthaminiwa. Kinacholindwa ni mzunguko wake, macho gani yazione na yapi yasizione. Mtalii aliyeketi darini Lamu na lenzi ya milimita 400 hauvunji mwiko wa picha, maana mwiko huo haupo kwa namna anavyoufikiria. Anachokivunja ni mpaka wa mzunguko huo. Atazipeleka sura hizo mahali ambapo wenyewe hawakuwahi kuulizwa kama zifike.

Kuhusu watalii, pana jambo dogo ambalo halipaswi kupitwa. Lenzi nyingi ndefu zinazoingia nchini huletwa kwa ajili ya simba na ndege, na mchungaji wa Kimaasai aliye kando ya barabara hukutana nazo zikiwa zimeshatolewa mkobani. Desturi ya kumpiga mnyama picha ni kujificha, kungoja, na kutomshtua. Desturi hiyo huhamishiwa kwa binadamu bila hata mpigapicha kuiona imehama. Huko New York jambo hili lilijitokeza wazi zaidi: Arne Svenson aliwapiga picha majirani zake kupitia madirisha ya jengo la vioo lililomkabili, akitumia lenzi aliyoirithi kutoka kwa rafiki aliyekuwa mtazamaji wa ndege. Picha zilionyeshwa 2013. Wazazi wa watoto waliotambulika ndani yake walishtaki, wakashindwa; mwaka 2015 mahakama ya rufani ilikubali kwamba picha ni sanaa inayolindwa, ikaeleza kusumbuliwa kwake na uvamizi wa namna hiyo, na kulihimiza bunge la jimbo kuishughulikia kadhia hiyo. Dirisha si barabara. Hata anayetetea picha za barabarani kwa nguvu zote hana wajibu wa kuzitetea hizi.

Lenzi vilevile huwa na mwelekeo wa kushuka. Mchuuzi wa Gikomba, mtoto wa mtaani, kikongwe aliyeketi kwenye kizingiti, hawa ndio hujaa katika maonyesho ya "maisha ya mitaani". Tajiri hupita ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Si kwamba uso wake hauna lolote la kusema. Ni kwamba ana ukuta na bawabu, na pia wakili. Kigezo cha usengenyi hapa huongezewa kingine ambacho kila mtu anakijua: anayesengenywa bila kuogopwa ni yule asiye na wa kumtetea.

Sheria za Nyumbani

Sheria za nchi mbalimbali hazikubaliani. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi iliyotoka Quebec, ilimpa ushindi na dola 2,000 msichana aliyepigwa picha akiwa na umri wa miaka 17, ameketi kwenye ngazi za jengo jijini Montréal, kisha picha yake ikachapishwa katika jarida la sanaa. Hakukuwa na tusi lolote katika picha hiyo. Mahakama ilishikilia kwamba sura ni ya mwenyewe hata barabarani, isipokuwa pale ambapo haki ya umma kupata habari inaizidi nguvu.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 hulinda faragha katika kifungu cha 31 na uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa, katika kifungu cha 33. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeihesabu sura inayotambulika kuwa data ya mtu, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya starehe jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuichapisha picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kujitangaza, si za sanaa. Kwa msanii, sehemu ya 52 ya sheria hiyo hufungua mlango: kazi ya fasihi au sanaa husamehewa masharti kadhaa iwapo mwenye kuichapisha anaamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba uchapishaji wake una manufaa kwa umma. Izingatiwe ni imani ya nani inayoulizwa hapo. Mtendewa wa kitenzi hatajwi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayebeba kamera kwenda Marikiti kwa ajili ya mradi wake hatapata jibu lote katika sheria. Lipo, hata hivyo, jambo ambalo Evans hakuweza kulifanya na ambalo kamera ya kidijitali imelirahisisha. Picha ikishanaswa kutoka mita 6, mpigapicha anaweza kutembea zile mita nne na nusu zilizobaki, akaamkia, akaonyesha kioo cha kamera, akaeleza anakusudia nini, na akakubali kuifuta akiambiwa aifute. Uso wa kujisahau umeshapatikana. Aliyekuwa "yeye" amegeuka kuwa "wewe" kabla picha haijaondoka sokoni. Wengine watacheka, wengine wataomba nakala, mmoja atakasirika. Atakayekasirika atakuwa ameipata zamu yake ya kusema, nayo picha itakayopotea huenda ikawa ndiyo bora kuliko zote za siku ile. Gharama hiyo ni halisi, na si vyema kuwadanganya wanafunzi kwamba haipo.

Utaratibu huu, pamoja na manufaa yake, haumfikii mzee wa picha nambari 13. Yeye hakulalamikia kusemwa vibaya asipokuwepo, jambo ambalo kigezo cha usengenyi kingelitosheleza. Kwake kosa lilikuwa limeshatimia pale taa ilipowaka, kabla ya ukumbi wa maonyesho, kabla ya bei na kabla ya mtu yeyote kuitazama picha. Mpigapicha angemfuata, angemwamkia na kumwonyesha, angekuwa anamwonyesha kitu ambacho mzee hakutaka kiwepo kabisa. Na barabarani, kutoka mita 6, hakuna alama iliyomtofautisha waziwazi na mpita njia mwingine yeyote aliyeridhia, isipokuwa ndevu na kofia, zile zile zilizoifanya picha yake ichaguliwe.